Vifaru Vilipita Juu ya Kichwa Chake

Mwaka niliomaliza masomo nilipata kazi ya kumsikiliza mzee mmoja Mbelgiji wa mtaa wa Jette. Nilikuwa na shahada ya historia, chumba kidogo mtaa wa Saint-Gilles, na kibali cha kukaa ambacho muda wake ulikuwa unakimbia. Binti wa mzee, mwanamke mwenye umri wa kuwa bibi yangu, alitaka mtu anayejua Kiswahili cha Lubumbashi. Baba yake alikuwa amepata kiharusi, na tangu hapo kulikuwa na siku Kifaransa kinamtoka kabisa, kinabaki Kiswahili alichojifunza kwenye karakana za reli kule Katanga, alikofanya kazi baada ya vita.

Binti alitaka hotuba. Mzee alikuwa wa mwisho aliye hai, katika mtaa wao, kati ya waliopigana ile vita kubwa ya pili ya dunia, na manispaa ilimwalika azungumze siku ya kumbukumbu. Ujanani alitorokea Uingereza akawa baharia kwenye meli ya kushusha vifaru. Ni meli yenye tumbo bapa na milango mikubwa puani. Inajipandisha mchangani, inafungua milango, na vifaru vinatoka humo moja kwa moja hadi nchi kavu.

Katika familia yao kila mtu aliijua habari ya ufukwe. Binti alinisimulia mwenyewe: milango inafunguka, mwanga unaingia, baba yake amesimama pale, anaona wenzake wakianguka majini.

“Andika hivyo,” aliniambia. “Yeye ataitikia tu.”

Siku ya kwanza mzee aliniangalia, kisha akasema, “Kuya. Ikala. Leta maji.”

Kiswahili chake kilikuwa amri tupu: njoo, kaa, leta. Maman aliyemhudumia, mama wa Bukavu mwenye mikono mipana, aliniona nimesimama na glasi nisijue nifanye nini na uso wangu.

“Usikasirike, mutoto yangu. Papa anazania tungali ku atelier yake ya reli. Mi asubui ananiambiaka nifunge boulons, zile nati za mashini.”

“Na maman anafanya nini?” nilimuuliza.

“Bon, nafunga. Nafunga vifungo vya shati, anatulia.”

Babu yangu alifanya kazi kwenye karakana kama zile, na bila shaka aliambiwa kuya na leta kwa sauti kama ile. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama nilipaswa kuudhika, na kama kutoudhika kulikuwa aibu, na kama mtu akiniuliza nitajibu nini. Tramu ilifika mwisho wa safari yake. Sikuwa nimehisi kitu chochote.

Nyumbani kwetu nilifunzwa kwamba mkubwa haulizwi uso kwa uso. Unaweka neno mbele yake, unasubiri alirekebishe akitaka. Kwa hiyo nilimwandikia hotuba ya ufukwe jinsi binti alivyoisimulia, nikawa namsomea kipande kwa kipande kwa Kiswahili, nanyamaza, nasubiri. Kila kipande alisema, “Ndiyo.” Niliongeza mawimbi. Ndiyo. Niliongeza rafiki aliyekufa mikononi mwake, niliyemtunga mimi, nione kama atakataa. Ndiyo. Uji alipoletewa aliuitikia vilevile.

Ni maman aliyeuliza, bila kufikiria, siku anamkata kucha.

“Papa, weye ulikuwaka wapi mu ile bateau, ile meli ya vita?”

“Chini.”

“Chini wapi?”

“Ku mashini.”

Maman aliendelea na kidole kilichofuata. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, na nakumbuka niliiangalia.

“Juu kengele inalia,” mzee alisema. “Mbele. Polepole. Mi nafanya. Kiisha meli inapanda ku muchanga, chini inainama. Hapana zima mashini. Inasukuma, inasukuma, ili meli isirudie nyuma. Kiisha batanki banapita.” Akainua mkono ambao maman alikuwa hajaushika, akagusa utosi wake. “Hapa. Hapa juu.”

“Na pwani?” niliuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

“Sikuonaka. Hata siku moya.”

Alieleza mengine kwa vipande. Vifaru vikiisha kutoka, sakafu ileile iliyovibeba ilipangwa machela, majeruhi wakalazwa humo, meli ikarudi nao. Ilienda hivyo mara nyingi, vifaru kwenda, majeruhi kurudi, na yeye muda wote yuko chini yao.

“Uliwasikia?” maman aliuliza.

“Batanki unasikia. Meli iko nzito, mashini inalia. Banapotoka, meli inaruka.” Akampa maman mkono wa pili. “Bale bantu, habana kilo. Mashini haikujua kama tunabeba muntu.”

Kisha akasema, “Leta maji,” nikaleta.

Alipokwisha kunywa alinishika mkono wa koti. “Ule mukaratasi yako, hapana. Sipende kwenda kudanganya bantu. Mi niko karibu kufa.”

Nilimwambia binti siku iliyofuata. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno hayo kwenye ngazi, bafuni, na kwenye foleni ya duka la mikate. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema baba yake ni mgonjwa, anasahau, na kwamba habari ile ilisimuliwa mezani kwao tangu yeye mdogo. Ufukwe ubaki. Sikubisha. Nilirudi chumbani nikaandika hotuba ya pili, fupi, ya mashine, nikamsomea mzee peke yake, na siku ya kumbukumbu nilikwenda na zote mbili kwenye mfuko mmoja wa koti.

Ukumbi wa manispaa ulikuwa na joto na harufu ya makoti yenye unyevu. Asubuhi ile Kifaransa kilikuwa kimemtoka, kwa hiyo nilipaswa kusoma kwa Kifaransa kwa niaba yake, nimesimama kando ya kiti chake cha magurudumu. Binti alikaa mstari wa mbele. Nilitoa karatasi, nikaona ni ya ufukwe ndiyo iko juu. Nilianza kuwaza ipi itamvunja moyo nani, na naamini ningesimama pale nikiwaza mpaka watu waondoke.

“Soma ya mashini,” mzee alisema.

Nikasoma ya mashini. Haikuchukua muda. Nilipofika kwenye majeruhi wasio na uzito, mtu mmoja alikohoa. Wakapiga makofi, na bwana wa manispaa akainama kwa adabu akauliza kama mzee angependa kusema neno kuhusu ufukwe, kwa maana wengi walikuwa wamesikia habari zake.

“Sikuonaka.”

Wakanigeukia.

“Anasema hakuuona,” nilitafsiri.

Kahawa ikaletwa.

Garini binti alishika usukani. Maman alikaa nyuma pamoja nami, mzee mbele. Kwenye taa nyekundu binti alisema, bila kugeuka, “Muulize kwa nini alituacha tuseme habari ya ufukwe.”

Nikamuuliza.

“Mama yake alianza,” mzee alijibu. “Alikuwa anaisema muzuri.”

Nilitafsiri. Maman aliangalia dirishani. Taa ikawa kijani, na gari la nyuma likapiga honi kabla hatujaondoka.

Tulipita mtaa mzima. Kisha binti akamuuliza baba yake mwenyewe, kwa Kifaransa, polepole kama anayejaribu barafu kwa mguu, kama kule chini kulikuwa na joto.

Mzee alitafuta neno kwa muda. Alilipata kwa Kifaransa.

“Joto sana.”

“Mlikuwa mnavaa nini?” binti aliendelea.

Walinishusha kwenye kituo cha tramu. Hakuna aliyegeuka kuniaga isipokuwa maman, kwa kuinua kidole. Binti alikuwa amefika kwenye maswali ya chakula, nani alikuwa anawashushia, na kama kilifika kikiwa bado cha moto.