Makosa ya Wardah Tuliyapikia Mbaazi

Kaka yangu Mwinyihaji hachori. Ana miaka thelathini kwenye karakana yake ya useremala hapa Timbwani, na sijamwona akichora hata mstari kwenye karatasi. Ukitaka mbuzi ya kukunia nazi, anakuketisha kwenye kigoda, anatazama magoti yako, anapima ubao kwa shibiri, basi. Baada ya siku mbili unachukua mbuzi isiyoyumba. Mimi nauza mbaazi na mahamri kila asubuhi, nakuna nazi sita kwa siku, kwa hiyo nikizungumza habari ya mbuzi nisikilizwe.

Ana jambo jingine. Kazi ikienda upande haitoki nje ya karakana. Ubao unaletwa kwangu, naupasua, nautia jikoni. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyomfundisha Wardah, bintiye wa pekee, ambaye nimemlea mimi tangu mamake alipofariki.

Wardah ana miaka kumi na mitatu. Alipata ufadhili katika shule moja ya kimataifa kule Bamburi. Mtaala wao una maeneo manane ya masomo: lugha na fasihi, lugha ya pili, sayansi, hisabati, jamii, sanaa, michezo na afya, na la nane linaitwa usanifu, ambalo watoto wanabuni kitu na kukitengeneza. Alama ya juu ni saba. Sharti la ufadhili ni kwamba asishuke chini ya nne popote. Akishuka, nafasi inapewa mtoto mwingine.

Sisi hofu yetu ilikuwa hisabati. Usanifu nani angeuhofia? Mtoto ameshika patasi kabla hajajua kushika kalamu! Akatengeneza mbuzi ya mvule, nikaikalia mwenyewe, nikakuna nazi mbili bila kujisogeza. Hisabati akapata sita. Usanifu akapata mbili.

Asubuhi ile ile alama zilipotoka nilivuka feri na buibui langu la kutokea. Mwalimu wake wa usanifu anaitwa Lynnette, msichana wa bara, mpole, na upole wake ndio ulionizidishia hasira, maana mtu mpole hupati pa kumkaripia. Ile mbuzi ilikuwa juu ya meza yake.

"Mama, kazi yenyewe ni nzuri sana," alisema. "Kwenye kutengeneza nimempa alama zote. Lakini hilo ni fungu moja kati ya manne. Kuna uchunguzi, kuna michoro ya mawazo, kuna tathmini. Wardah ameleta mbuzi peke yake. Sioni alipojaribu, sioni alipokosea, sioni alivyorekebisha."

"Hakukosea."

"Kila mtu hukosea, mama. Aniletee ushahidi."

"Ushahidi tumeupikia mbaazi!" nikamwambia. Hakuelewa, na mimi sikuwa na subira ya kumweleza mara mbili. Akanipa muda hadi Ijumaa: daftari lenye michoro, na majaribio matatu yaliyoshindikana, kila moja na maelezo ya kosa lake. Siku nne! Mtoto anajua kazi, na sasa anatakiwa athibitishe kwamba aliwahi kutoijua.

Nilipofika nyumbani nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mwinyihaji alitoa mbao tatu za mwembe alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mteja, akamkabidhi Wardah, akatoka akaketi kwenye baraza. Hakuweza kutazama mbao nzima zikiharibiwa makusudi.

Nami nilitazama, na wallahi nilitaka kulia. Mkono wa mtoto ulikataa kukosea. Alikata mguu mfupi, lakini kidogo mno, mbuzi ikasimama vile vile. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, akakaribia kujikata kidole. Siku ya pili ikapita hivyo. Daftari lilikuwa na jina lake tu.

"Shangazi, niandike uongo?" akaniuliza.

Nilikuwa karibu kumwambia ndiyo.

Mwinyihaji alikuwa ameingia kuchukua mtungi wa maji. Akautua chini.

"Wardah."

"Abee, baba."

"Kuna haja gani ya kubuni, nawe ulikosea kwelikweli? Ya kwanza ulikuwa na miaka minane. Mguu wa kushoto uliukata mfupi kwa kidole kizima, ukaificha nyuma ya gunia la vumbi la mbao. N'kaiona, n'kanyamaza. Ya pili, tundu la chuma ulilitoboa pana, kile chuma kikawa chacheza. Ya tatu ulipiga msumari karibu na ukingo, ubao ukapasuka, ukamsingizia paka."

Wardah alicheka, halafu akaacha kucheka. Miaka yote ile babake hakuwahi kumwambia umekosea wala umepatia. Alikuwa akichukua ubao na kuniletea mimi tu, na mimi nilidhani ameshausahau kabla haujashika moto.

Wardah akazitengeneza upya zote tatu, kosa kwa kosa, babake akiwa ameketi kando yake na kumkumbusha ule upungufu wa kidole ulianzia wapi. Kisha akazichora. Mwinyihaji alishika karatasi isiteleze.

Ijumaa akazipeleka. Jumatatu alama ikaja: tano. Nafasi yake imebaki, alhamdulillahi. Lakini tano! Kwa mtoto yule! Mwalimu ameandika kwamba mwakani usanifu utakuwa mgumu zaidi, na ushahidi utatakiwa tangu siku ya kwanza.

Zile mbovu zilirudishwa jana ndani ya mfuko. Leo kuni zilikuwa zimeniishia na mbaazi ziko sufuriani, nikaichukua ile ya mguu mfupi, nikainua shoka. Mwinyihaji akaja akaniondolea mkononi. Akaigeuza, akachukua penseli yake ya seremala, na huyu mtu asiyechora hata mstari akaandika chini ya ubao, polepole: *Wardah, miaka minane*. Akaipandisha kwenye rafu, akarudi kuifuata ya pili.

Nikaenda dukani kununua makaa.