Alisema Atuungishe

Laiti ningekataa kumkalimania mama siku ile. Kila nikinusa wali wa mchele mpya wa kwetu Ubaruku, hasira hunipanda upya.

Mzungu alikuwa amemaliza kula wali huo mgahawani kwetu. "Mwambie aje tena kutuungisha, anunue chakula kwetu," mama akaniagiza. Nikatumia neno la shuleni: *patronise*. Mzungu akacheka, akampigapiga mama kichwani kama mtoto, akauliza, "Hivi?" Hapo nikakumbuka kwamba neno hilohilo pia lina maana ya kumshusha mtu huku unamchekea. Nikacheka naye.

"Amesemaje, mwanangu?"

"Amekubali, mama."

Mama akapiga goti kushukuru. Dereva wa Mzungu, aliyekuwa mezani naye, akafoka: "Inuka, mama! Huyo anakufanya mtoto, na mwanao anajua!"

Mama hakunituma tena kumsemea kwa mtu yeyote. Alikufa haniamini.