Mkate wa Kijivu wa Silas Purkiss

Silas Purkiss alioka mikate mtaani kwetu Bethnal Green miaka kumi na tisa, na mimi ni mmoja wa waliommaliza. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa nguoni mwake.

Mkaguzi wa vyakula alipokuja kwa mwokaji mwingine, Gedge, tulijazana mlangoni. Alikata kipande cha mkate, akakidondoshea dawa nyekundu kutoka kichupani. Kikageuka buluu. Kumbe Gedge alitia shabu, yale madini ya kusafishia maji, kwenye unga ili mkate uwe mweupe! Tulimzomea, tukamvunjia madirisha, tukarudi nyumbani tukijiona watu wa haki.

Purkiss alifurahi, maskini. Alidhani zamu yake imefika. Akanunua kichupa chake mwenyewe cha dawa ile, na kila mteja aliyeingia alioneshwa kipande kikibaki chekundu.

"Tazama, mama! Unga, chumvi, hamira. Basi."

"Nimetazama," alisema Mama Tibbs, mke wa fundi viatu. "Mbona wa kijivu? Huo wape farasi, Bwana Purkiss. Mgeni akija nimwekee matope mezani?"

"Lakini huo mweupe ndio wenye shabu!"

"Basi nipe mweupe usio na shabu. Kazi yako hiyo, si yangu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jumapili, kama desturi, tulimpelekea nyama zetu atuokee kwenye tanuri lake, lakini mkate tulinunua mtaa wa pili. Kwa wiki saba nzima yeye na mkewe walikula mikate yao iliyolala.

Wiki ya nane mkate wake ulitoka mweupe pe. Hakuna aliyeuliza kitu. Foleni ilifika hadi kwenye pampu ya maji.

"Si unaona?" Mama Tibbs alimwambia mbele yetu sote. "Kumbe ukitaka unaweza!"

Purkiss alimkabidhi mkate. Kile kichupa hakikuwapo tena kwenye kaunta.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Buluu. Jiwe la kwanza alirusha Mama Tibbs. La pili nilirusha mimi. Najuta hadi leo, ingawa majuto hayarudishi kioo dirishani.

Jumapili tulipanga foleni na sinia zetu za nyama mbichi. Tanuri lilikuwa baridi. Mkewe alichungulia kwenye dirisha lililovunjika, macho yamevimba.

"Faini imemshinda," alisema. "Wamemfunga."

"Pole, mwenzangu," alisema Mama Tibbs, akihamisha sinia mkono wa pili. "Sasa nyama zetu ataoka nani?"