Mbwa wa Mzee Derek na Dua Yangu

Wenzangu, aibu niliyoipata Hodge Hill, huku Birmingham, sijawahi kuipata popote, na bora niisimulie mwenyewe kabla Wambui hajaisimulia, maana yule akisimulia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Chekeni tu. Mimi nimeshalia, nimeshacheka, nimeshamaliza.

Mnajua kazi yangu ni ya kea, kuwahudumia wazee majumbani, na mnajua naifanya sawasawa (sijisifu, ila nyumba aliyotoka Zuhura wa Unguja huna haja ya kuuliza nani alikuwemo). Basi nikapangiwa Mzee Derek, kafiwa na mkewe, macho yamefifia, masikio ndiyo kabisa, na mwenzake wa pekee pale ndani ni mbwa jike anaitwa Tofi. Sasa mimi na mbwa wapi na wapi! Siku ya kwanza nimesimama mlangoni nimekusanya nguo zangu asije akazilamba nikakosa za kusalia, na yule mnyama anakuja mbio, mkia unamcheza, ulimi nje, furaha tele, na mimi roho mkononi.

Kwenye ndoano ya jikoni nikaona kidude cheusi kina kamba na kitufe. Nikajua ni kengele, ile wanayopewa wazee wanaoishi peke yao waivae shingoni, ukianguka unabonyeza, msaada unakuja. Na hapo ndipo nilipoharibu, hapo hapo, maana badala ya kuuliza, mimi fundi wa kila kitu nikamvisha mzee. Akasema, “Ya nini hii, bab?” (ndivyo wanavyoitana watu wa Birmingham, bab, hata kama humjui mtu). Nikamwambia ya usalama wako. Halafu nikasema bismillahi na nikaibonyeza kuijaribu.

Jamani! Tofi aliruka, akatoa sauti nyembamba, akakimbilia nyuma ya kochi na hakutoka tena mpaka naondoka. Na mimi je? Nikajua ni ile bismillahi yangu iliyomkimbiza.

Ikawa ndiyo desturi. Naingia, natoa bismillahi, naijaribu kengele (wenzangu wa kazini huzijaribu mara mojamoja, mimi kila siku, ndivyo nilivyoumbwa), Tofi huyo nyuma ya kochi, nguo zangu safi. Kwamba hakuna mtu aliyewahi kujibu kwenye hiyo kengele sikujali, taa ndogo nyekundu inawaka, nikasema mitambo ya siku hizi haina maneno mengi. Nikiondoka tu mzee anaivua na kuirudisha kwenye ndoano, kesho namvisha tena.

Na mdomo wangu mnaujua. Kwenye khitma moja Handsworth nikawasimulia wanawake kwamba mimi mbwa hanisogelei, nikitamka tu anapisha. Mama mmoja anayeteswa na mbwa wa jirani akanirekodi kwenye simu! Wambui, Mkenya ninayefanya naye zamu, peke yake ndiye hakuamini. “Aki Zuhura, wewe na hiyo dua yako,” akasema, “siku moja huyo mbwa atakuaibisha.” Nikamwambia wivu tu.

Lakini Tofi akaanza kuharibika. Hali chakula, anatetemeka, anakojoa kwenye zulia. Mtoto wa mzee, Gary, anayekuja Jumapili kumtembeza, akasema mbwa amepata wazimu wa uzee, Jumatatu anampeleka kwenye nyumba ya kulelea mbwa wasio na watu. Mzee Derek akanishika mkono, akaniambia, “Nimebaki na yeye tu, bab.” Wallahi niliumia.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu kulikuwa na mkutano wa wakazi, kwa sababu serikali inataka kuleta sheria ya kuzuia mikanda ya umeme, ile anayofungwa mbwa shingoni na mwenyewe akibonyeza rimoti mbwa anapigwa shoti ili afuate amri. Mzee akataka kwenda, mimi na Wambui tukamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, Tofi kafungwa kamba kwenye mkono wa kiti. Kengele je? Mgonjwa wangu hatoki bila kengele! Nikamvisha, nikaifunika kwa skafu.

Gary akasimama wa kwanza, akapinga. “Tofi anao mkanda huo,” akasema. “Kila Jumapili nauchaji, nikihofia atakimbilia barabarani, lakini tangu kiangazi sijambonyeza hata mara moja. Umemdhuru nini? Sheria ya nini?” Bibi mmoja akamuuliza mbona basi anatetemeka vile. Gary akasema uzee.

Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mimi nikasimama! Nikasema mkanda wa nini, mbona mimi simpigi wala simfungi kitu na ananitii, hebu niangalieni. Nikatoka nje ya mlango, nikaingia tena kama ninavyoingia kwa mzee, kichwa juu, bismillahi kwa sauti, nikamvua mzee kengele yake, nikautangazia ukumbi, “Kwanza nahakikisha mzee wangu yuko salama,” nikabonyeza.

Tofi akaruka. Ila safari hii kafungwa kwenye kiti, kwa hiyo akaondoka na kiti, kiti kikaondoka na Mzee Derek, wote watatu moja kwa moja kwenye meza ya chai. Mbwa kaingia chini ya kitambaa, kitambaa kinashuka, vikombe vinashuka, keki hiyo! Mimi naona mzee wangu yuko hatarini, kea hodari hufanya nini? Hubonyeza kengele! Nikabonyeza. Mbwa akavuta zaidi. Nikabonyeza tena, huku napiga mayowe, “Msaada unakuja, Mzee, msaada unakuja!”

Gary akanidaka mkono. “Zuhura, umeshika nini?”

“Kengele ya baba yako.”

“Hiyo ni rimoti ya mkanda wa Tofi.”

Na kutoka nyuma kule nikamsikia Wambui kwa Kiswahili, “Aki Zuhura, kumbe hiyo dua iko na betri!” Tuliomwelewa ni mimi na yeye tu, lakini nilihisi Birmingham nzima imeelewa.

Haijaisha. Mzee Derek, mzima, krimu mpaka kwenye nyusi, anauliza, “Amesema nini?” Na masikio yake mnayajua. Ikabidi niiname, nimpigie kelele sikioni, na watu wote wanasikia: “Ni mimi, Mzee! Nimekuwa nikimpiga Tofi shoti kila siku! Nilidhani ni kengele yako!”

Akapapasa chini mpaka akampata Tofi. “Kwa hiyo si mgonjwa?”

“Si mgonjwa!”

“Basi haendi popote.” Na akaufungua ule mkanda kwa vidole vyake mwenyewe, haoni lakini akaufungua, akampa Gary mkononi. Gary akawa mwekundu, akautia mfukoni.

Hapo wenzangu, machozi yananitoka, keki imenijaa viatuni, nikamgeukia mwenyekiti nikamwambia niandike mimi wa kwanza, naitaka sheria hiyo. Gary si mtu mbaya, na mimi mnanijua, hakuna aliyekusudia, na mbwa kateswa mbele yetu sote. Wakapiga makofi. Nilitoka pale kichwa juu vilevile, na nitatoka hivyo tena.

Kengele ya kweli ilikutwa ndani ya kopo la biskuti, mzee alikuwa ameificha. Nimeapa sibonyezi tena kitufe cha mtu bila kuuliza, hata cha lifti. Tofi alichukua muda kuniamini, nilikuwa nakaa sakafuni mbali naye, mikono wazi aione mitupu, na nikawa na nguo za kazi mbali na za sala. Sasa nikisema bismillahi mlangoni anakuja mbio, analaza kichwa kwenye kiatu changu, nami nikifika nyumbani nakiosha kwa maji na udongo kama dini ilivyotufundisha, bila kulalamika.

Juzi yule mama wa Handsworth kanipigia simu. Mbwa wa jirani bado anamtesa, anauliza ile dua bado ninayo. Nikamwambia ninayo, ila siku hizi inamleta.