Nilimwambia Mume Wangu Ni Ng'ombe

Nimekosa. Niseme mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea mimi ni hodari. Niliambiwa kwa mdomo wa mtu, mchana kweupe, nikaonyeshwa hata kwa kidole. Nikanyamaza.

Jina langu sitaki kutaja. Mume wangu nitamwita Baba Kendi, na Kendi si jina la msichana wetu. Wanaotujua watatujua tu.

Tulikuwa tunaishi Meru mjini, nyumba ya kupanga karibu na Kaaga kwa sababu ya shule. Baba Kendi alikuwa dereva wa lori. Kazi ikaisha, kodi ikabaki pale pale. Tukakubaliana turudi mashambani, tulime, tufuge, mtoto asomee huko. Hapo hatukugombana. Tuligombana juu ya wapi.

Yeye alitaka Mikinduri, kwao. Baba yake alikuwa amemwachia kipande cha shamba, miraa imesimama tayari, mlango kwa mlango na mama yake. Na huyo mama, jamani! Mimi ni mtu wa Embu, ule upande wa chini wenye jua na mbuzi. Tangu nilipoolewa mama mkwe aliniita "yule wa ukameni". Nikipika, anaonja na kuweka kijiko chini polepole. Nikifua, anasuuza tena. Niliapa moyoni kwamba nitaishi popote, lakini si mahali ambapo huyo mama anaweza kuona moshi wa jiko langu.

Basi nikamwomba Baba Kendi aniache nitafute mahali pengine kwanza. Hakuwa mtu wa kubishana.

"Enda uangalie," aliniambia. "Wewe umelelewa shambani, una macho ya shamba kunishinda. Ukisema ni sawa, ni sawa."

Hayo maneno yananichoma mpaka leo.

Nilipata ploti upande wa Ruiri. Nilipoiona roho ilitulia. Tambarare, pana, mlima unaonekana wote asubuhi, na kijito chini kabisa kwenye majani mabichi. Bei nayo ilikuwa ya chini mpaka nikashangaa. Kushangaa kwangu kuliishia hapo, sikuuliza.

Aliyekuwa akiuza alisogea kando kuongea na simu. Ndipo mama mmoja mzee akateremka kutoka shamba la juu, amebeba majani ya ng'ombe mgongoni. Alikuwa Shosho Nkatha, bibi ambaye angekuwa jirani yangu. Alinisalimia vizuri, akauliza kama nina watoto. Kisha akatua mzigo, akaniambia nimfuate.

Alinionyesha ukanda wa ardhi uliokuwa unapita katikati ya ploti kuelekea kijitoni. Pande zote kulikuwa kumelimwa, lakini pale hapakuwahi kuguswa na jembe. Majani yalikuwa yamelala. Kando yake kulikuwa na mgunga mkubwa uliochubuka ganda upande mmoja, na juu ya pale pa kuchubuka, juu kuliko kichwa cha mwanamume, kulikuwa na matope makavu.

"Hii ni njia ya ndovu," alisema. "Jua likikaza wanateremka kunywa maji. Wanaweza kukaa miaka hawajaja, lakini hawajawahi kuisahau. Ukitaka kukaa, jenga kule juu karibu na sisi. Hapa usijenge, na usifunge."

Kule juu kulikuwa kumebaki kona ndogo yenye mawe, haitoshi kibanda na zizi. Kama ni hivyo, ploti haikuwa na maana, na Baba Kendi akisikia neno ndovu tungekuwa Mikinduri wiki hiyo hiyo. Nilimshukuru Shosho. Nikamwambia nitamweleza mume wangu.

Na msifikiri sikuelewa. Kwetu Embu nililala utotoni nikisikia baba akipiga debe kufukuza ndovu kwenye mtama. Mtu wa mjini angesema hakujua. Mimi nilijua kabisa.

Siku ya Baba Kendi kuja kuona, nilitangulia. Kulikuwa na kinyesi cha zamani, kimekauka kama nyasi iliyosokotwa. Nilikipiga teke mpaka kikatawanyika kichakani. Alipofika nilimpitisha upande wa barabara, nikamwonyesha mlima, nikamwonyesha maji. Alifurahi kama mtoto. Halafu akasimama mbele ya ule mgunga.

"Huu mti ulifanywa nini?"

"Ni ng'ombe wanajikuna," nikasema.

Aliinua mkono kugusa yale matope, hakuyafikia. "Ng'ombe mrefu hivi, Mama Kendi?"

Akacheka. Nami nikacheka.

Tukanunua, tukajenga. Alitaka nyumba katikati mahali palipo sawasawa, na zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba. Zizi likaangukia juu ya ile njia kabisa. Nilisimama pale akipima kwa kamba, nikamshikia ncha moja. Tukazungusha seng'enge, tukapanda ndizi na mahindi mpaka kijitoni. Shosho Nkatha alikuwa akisimama kule juu anatutazama, halafu anarudi ndani.

Sasa sikilizeni ubaya wangu ulivyozaa mwingine. Huku hakuna nyumba inayoingiwa kimyakimya. Ukihamia, akina mama wa kijiji wanakuja na mzigo wa kuni kila mmoja, mnapika chai na githeri, mzee wa kanisa anaomba, watu wanakaa mpaka jioni wakiwaeleza wageni mambo ya pale. Maji yanakauka lini, nani ana dume, nani wa kuepuka. Nilijua kabisa kwamba habari ya kwanza kutajwa ingekuwa ndovu.

Nikawaambia akina mama kwamba mume wangu ni mkali na hapendi watu bomani kwake. Nikamwambia Baba Kendi kwamba watu wa huku wana majivuno, hawataki wageni. Yeye mpenda watu! Alikuwa anasalimia kila mtu barabarani na anajibiwa kwa mbali, akaumia, akaacha. Zile kuni hazikuja kamwe. Namba yetu ya simu haikuwa kwa mtu yeyote kijijini.

Mvua ilinyesha vizuri, tukavuna. Ikaja nyingine. Nikaanza kujiambia kwamba yale yalikuwa maneno ya wazee tu. Ng'ombe akazaa. Baba Kendi akawa ananisifu kwa mama yake kwenye simu, anamwambia mke wake alichagua mahali pazuri kuliko pote. Nilishinda, nikaona raha.

Kisha mvua ikakataa. Kijito kikawa uzi. Pande zote kila kitu kikawa rangi ya vumbi, na sisi tukabaki na ndizi mbichi na mahindi tuliyoyamwagilia kwa bomba. Kwetu tu ndiko kulikokuwa na kijani. Mtu akisimama kwa mbali angeona.

Mbwa akaanza kulala ndani. Tukimtoa analia mlangoni. Siku moja nikakuta nguzo mbili za fensi zimelala kwa nje na seng'enge imelegea. Baba Kendi alikasirika, akasema ni watoto wa majirani. Nikamsaidia kuzisimamisha. Mungu wangu, nilizisimamisha kwa mikono yangu hii!

Jioni moja, jua likitua, tukasikia watu kule juu wakipiga mabati. Mwanzo boma moja, halafu lingine, halafu yote. Na moto ukaonekana. Nilikuwa nachambua maharagwe, nikaweka ungo chini. Hayo mabati niliyajua tangu utoto.

"Kuna nini huko?" Baba Kendi akauliza.

Hapo ndipo Mungu alinipa mlango wa mwisho. Mtu akauliza swali, jibu liko mdomoni. Lakini nikilisema, angeuliza nimejuaje.

"Pengine kuna mtu ameleta bibi harusi," nikasema.

Akatingisha kichwa kwa uchungu. "Na hawakutuita."

Akaenda kulala. Niliomba, nikajiambia kwamba mabati yatawageuza, na kwamba alfajiri nitaamka kabla yake, nimzuie kwa sababu yoyote ile asitoke. Usingizi ukanishinda. Niliposhtuka, upande wake wa kitanda ulikuwa baridi na ndoo ya maziwa haikuwepo.

Kulikuwa na ukungu. Nilisikia ng'ombe akilia mara moja, halafu mbao zikivunjika, na kitu kizito kikipumua karibu sana na ukuta. Sikumwona ndovu hata mmoja vizuri. Niliona ukungu ukisogea, mkubwa kuliko nyumba, ukapita kuelekea kijitoni bila haraka. Wala hawakutujali. Walikuwa wanapita njia yao.

Zizi lilikuwa limelala chini. Ng'ombe alikuwa amekufa, na Baba Kendi alikuwa chini ya ukuta wake wa mbao. Waliokuja kuinua zile mbao ni watu wa juu, wale wale wenye majivuno. Shosho Nkatha alimshikilia kichwa mpaka gari likapatikana.

Aliishi. Mguu wa kulia haukunjiki tena, na dereva bila mguu wa kulia ni dereva gani? Alirudi kutoka hospitali mtu mwingine, kimya, mwenye hasira. Na hasira yote aliwatupia watu wa juu. Alisema wale watu ni wauaji, walijua na hawakumwambia. Shosho alipokuja na uji, alimfukuza mlangoni akamwita mchawi.

Shosho aliniangalia. Nilikuwa nyuma ya mume wangu, nimeshika mlango. Neno moja tu kutoka kwake na ningekwisha. Hakulisema. Aliweka kibuyu cha uji chini, akaondoka akichechemea kwenye mawe. Nami nikauchukua ule uji nikaumwaga, ili mume wangu aone niko upande wake. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Siku moja Baba Kendi alichukua magongo akatoka peke yake. Nilimtazama kupitia dirishani. Alikwenda polepole mpaka kwenye ule mgunga. Aliegemea, akainua gongo moja, ncha yake ikagusa yale matope. Sasa palikuwa na matope mapya. Kisha akageuza kichwa, akaitazama ile njia yote kutoka juu mpaka kijitoni.

Aliporudi aliketi, akaomba chai. Nikamletea. Hakuinua kikombe.

"Ng'ombe mrefu sana, Mama Kendi," alisema.

Nikamweleza yote. Nilipiga magoti, nililia, sikuacha kitu, hata uji. Ningependa angenipiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, kama ule usiku wa mabati nilijua. Nikasema ndiyo.

Akaomba nimwite Shosho Nkatha. Alipokuja, Baba Kendi alimshika mkono akaomba msamaha mbele yangu, akilia. Mimi Shosho hakunisemesha. Kesho yake ndugu zake Baba Kendi wakaja na gari wakamchukua yeye na Kendi.

Anaishi Mikinduri sasa, kwa mama yake. Yule mama niliyekuwa namkimbia ndiye anayemvalisha viatu. Nikipiga simu, yeye ndiye anayepokea, na hanitukani. Anasema tu, "Amelala," hata ikiwa adhuhuri.

Mimi niko hapa. Nitaenda wapi? Fensi nimeikata pande zote mbili, njia nimeiacha wazi. Wiki iliyopita walikuja mume na mke vijana kutoka mjini kutazama ploti. Mke alipenda mlima. Mume akauliza ule mti ulifanywa nini.

Nawaapia, neno "ng'ombe" lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nililimeza. Nikawaambia. Waliondoka hata chai hawakunywa.

Wenzangu, mkihama kwenda mashambani, waulizeni waliotangulia pale kabla ya kuupenda mlima na maji. Pokeeni kuni zao, kaeni nao chini. Na wewe dada unayemkimbia mama mkwe, mkimbie kwa ukweli, mwambie mumeo humtaki, mgombane mpaka mchoke. Ukishaambiwa jambo kuhusu mahali, usilale nalo peke yako kitanda kimoja na mtu anayekuamini.

Mvua imekataa tena mwaka huu. Jioni hii mabati yameanza huko juu. Kwangu hakuna anayeuliza ni nini.