Nyota Niliyompa Baba

Haya nayasimulia kwa aibu, maana hata leo nikikutana na mama yeyote wa kanisa letu pale Makadara najifanya nasoma simu, lakini mmeniuliza mbona sipendi kuelezea kazi yangu, basi sikieni.

Mimi huandika programu za kusafisha picha za anga. Kuna darubini inayopiga picha mbingu nzima kwa infraredi, yaani ule mwanga wa joto ambao macho yetu hayaoni, na picha zake hufika zimejaa takataka, ndipo programu inazipitisha hatua kwa hatua mpaka zibaki nyota tu. Hatua moja huondoa makovu: kamera ikitazama nyota kali, alama yake hubaki kwenye picha zinazofuata, vile ukitazama balbu halafu ufumbe macho. Hatua hiyo ilikuwa inaichosha laptop yangu (ya mtumba, msinicheke), nikaizima ili nijaribu zile nyingine haraka. Halafu nikaona nukta inang'aa mahali ambapo ramani za zamani hazina kitu.

Mtu mwenye akili angewaambia wenzake kazini wakague. Mimi nilimkimbilia baba kitandani.

Baba, Mzee Mutiso, alikuwa fundi wa kuchonga vinyago, na wakati huo saratani ilikuwa imembakisha mifupa. Kwetu Ukambani mjukuu ndiye hubeba jina la babu, na mimi ni mtoto wake wa pekee, umri umekwenda, sina mke, sina mtoto, na hakuwahi kunilaumu hata mara moja, jambo lililoniuma zaidi. Nikamwambia nimepata nyota mpya na itaitwa Mutiso. (Nyota hazipewi majina hivyo, na nilijua.) Akanishika mkono akalia, nami nikalia, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari.

Wakaja nyumbani kwa maombi, sebule ikajaa mpaka mlangoni, pasta akashukuru weee, kisha wakataka kuiona. Nikaunganisha laptop na TV. Shangazi Mbithe, dada yake baba, akakunja uso.

"Hii picha ni chafu. Sasa Mutiso ni gani hapa?"

Ningenyoosha kidole tu, yakaisha. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba, nikataka baba aione nyota yake imesimama safi, nikawasha hatua zote, hata ile niliyoizima. "Tazameni," nikasema, "uchafu wote utatoka." Ukatoka kidogo kidogo, watu wakiguna kwa furaha, halafu nukta yetu nayo ikatoka.

"Imeenda wapi?" akauliza shangazi.

Nilishaelewa kwamba nukta yetu ilikuwa kovu tu la nyota nyingine, lakini nikasema ni shida ya mtandao. (Picha ilikuwa ndani ya laptop, mtandao wa nini?)

"Si uwashe tena, buda," akasema binamu yangu Wambua, akidhani ananisaidia.

Nikawasha tena mbele ya wote, ikatoka tena. Pasta akakohoa, akasema Mungu ana siri zake. Mama akaanza kugawa chai upesi upesi.

Baba alikuwa ameegemezwa mito, macho bado kwenye TV. "Kumbe ilikuwa uchafu?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Sawa, mwanangu. Basi hilo jina nitaondoka nalo."

Tulimzika mwezi uliofuata. Watu walinipa pole bila kunitazama usoni, na sikuwalaumu. Kinachonikosesha raha si ile aibu ya sebuleni. Baba alikuwa ameshakubali kufa bila wa kubeba jina lake, mimi ndiye nikamrudishia hamu, halafu nikampokonya mbele ya wageni wake. Nimeapa, mgonjwa simpelekei tena tumaini ambalo sijalikagua.