Safu ya Saba

Dhadho Hirbo alirudi Garsen na cheti chake mwaka 1987. Kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha hiyo aliiweka juu ya kabati la ofisi ya mifugo kwa sababu nyumbani kwao mchwa walikuwa wengi. Mimi nilikuwa karani hapo. Kwa miaka kumi na mmoja niliipangusa vumbi kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, na kila mara nikajiuliza itashuka lini.

Cheti kilisema amehitimu mafunzo ya miaka miwili ya afya ya mifugo. Mjini watu walimwita daktari, ila kwenye karatasi za serikali alikuwa msaidizi. Tofauti hiyo haikumsumbua mtu mpaka ng'ombe walipougua. Msaidizi aliruhusiwa kudunga dawa ya ndorobo, ule ugonjwa wa mbung'o, kunywesha dawa ya minyoo, kuhasi na kufunga vidonda. Kupima damu, kuutangaza ugonjwa na kuagiza chanjo ilikuwa kazi ya mwenye diploma, na mwenye diploma wa karibu alikaa Hola. Dhadho alikuwa akijua ugonjwa kwa kumtazama mnyama akitembea. Kisha alikuwa akija ofisini, akikaa kwenye benchi na kuniambia niandike barua ya kumwita mwenzake aje aone alichokwisha kukiona yeye.

Ndiyo maana alitaka kusoma zaidi. Hakuwahi kulisema jambo hilo kwa maneno makubwa. Alisema amechoka kungoja.

Njia ya kutoka cheti kwenda diploma ilikuwapo, na fomu zake nilizijaza mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Mwaka 1991 chuo kilijibu kwamba hajafanya kazi miaka mitano. Mwaka 1993 fomu ilikaa kwenye meza ya mkubwa mmoja ikingoja sahihi hadi muda ukapita. Mwaka 1996 kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa daftari. Chuo kilitaka kila mwombaji alete daftari la kazi: achague kundi moja la mifugo, alifuatilie mwaka mzima, na aandike kila ugonjwa na kila tiba. Daftari lilikuwa na safu tisa. Dhadho alijaza nane. Safu ya saba, iliyouliza jumla ya wanyama katika kundi na waliokufa, aliiacha wazi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Daftari likarudishwa, limepigwa mstari mwekundu kwenye safu hiyo.

Msomaji asiye wa huku atasema ni uzembe. Haukuwa uzembe. Kundi alilolichagua lilikuwa la ami yake, mzee Wako, aliyemlea baada ya baba yake kufa. Na kwa Waorma, watu wake Dhadho, ng'ombe hawahesabiwi. Mwenye ng'ombe hamwambii mtu wanyama wake ni wangapi, wala haulizwi, maana kundi lililotajwa idadi huanza kupungua. Jioni wakiingia zizini mzee husimama langoni akiwatazama mmoja mmoja, na akikosekana hata ndama atamtaja kwa rangi na kwa mama yake. Hahitaji hesabu. Dhadho aliniambia kwamba utotoni akiwaelekezea ng'ombe kidole, mama yake alimpiga kofi mkononi. Alisoma hesabu shuleni akafaulu vizuri, lakini mbele ya lile zizi kichwa kilikataa. Akifika ishirini alikuwa akipotea njia.

Oktoba 1997 mvua zikaanza, nazo hazikukoma. Mto ulipanda ukaingia mashambani, barabara ya Malindi ikakatika, na mabasi yakaacha kuja. Wako na watu wake walihamisha ng'ombe kwenye kisiwa cha ardhi kavu, mwendo wa saa tatu kwa mguu kutoka mjini wakati wa kiangazi, siku nzima wakati ule. Hata huko ng'ombe walisimama matopeni hadi kwato zikaoza. Baada ya hapo ikaja homa iliyoletwa na mbu. Ng'ombe walitupa mimba, damu ikawatoka puani.

Dhadho alikwenda huko mara kumi na nne, maji yakimfika kifuani, sanduku la dawa kichwani. Ninazo tarehe zake zote. Aliniandikisha barua tatu za kuomba chanjo na mtu wa kupima damu. Mbili zilirudi Garsen pamoja na mfuko wa posta uliokosa chombo cha kuuvusha. Ya tatu ilijibiwa kwa redio ya polisi: msaidizi asitangaze ugonjwa, angoje ofisa. Ofisa alifika mwishoni mwa Januari, na kufikia wakati huo waliokusudia kufa walikuwa wamekwisha kufa.

Mwezi Februari fomu mpya zikaja. Niliisoma fomu, nikaisoma tena, kisha nikamwonyesha Dhadho mstari mmoja: mwombaji asiwe amepita miaka thelathini na mitano siku ya kuanza masomo. Kitambulisho chake kilisema amezaliwa mwaka 1963. Masomo yangeanza Septemba. Mwaka unaofuata mlango ungekuwa umefungwa.

Alilitoa daftari lake jipya la mwaka mzima uliopita. Kurasa zilikuwa zimelowa na kukauka, zikawa ngumu kama ngozi. Tarehe zilikuwapo, na dawa, na dalili alizoziandika kwa makini akiwa amesimama majini. Safu ya saba ilikuwa tupu.

Iha, dereva wa Landrova yetu, ambayo wakati huo ilikuwa imekaa juu ya mawe mwaka wa tatu, alikuwa mlangoni akichonga mswaki.

"Mwanafunzi mzee," akasema, "andika mia mbili, wafu hamsini, twende tukanywe chai. Nani atatoka chuoni kuja kuwahesabu? Ng'ombe wenyewe hawatakushtaki."

"Ami atajua."

"Ami yako hajui kusoma."

"Mimi najua," Dhadho akasema. Hakukasirika. Alilikunja daftari akaliweka kwapani, akaniuliza kama Jumamosi nina kazi.

Tulifika kwa Wako asubuhi, ng'ombe wakiwa wamekwisha kwenda malishoni. Mzee alikuwa ameketi kando ya zizi, ambalo lilikuwa kubwa kuliko haja yake sasa, na nusu ya miiba yake ilikuwa imelazwa na maji. Tulipewa chai ya maziwa, nyepesi. Dhadho alimweleza ami yake habari ya chuo, ya umri, na ya safu moja ya karatasi. Walizungumza Kiorma, nami nakielewa kiasi. Wako alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Mungu amekwisha kuhesabu mwaka huu, na yeye hataongeza hesabu yake juu ya ile. Dhadho akakubali kwa kichwa. Nikadhani safari imekwisha, nikaanza kufunga kalamu yangu.

Tulikaa. Nzi walikuwa wengi. Dhadho, nafikiri bila kukusudia lolote, akauliza kama Dalacha alikufa siku ile ile aliyomwacha, au kesho yake. Dalacha alikuwa ng'ombe wa kijivu ambaye utotoni Dhadho alimkamua maziwa ya kwendea shule.

"Kesho yake," mzee akasema. "Alfajiri."

Kisha akasema binti ya Dalacha, yule mwenye sikio lililochanika, alikuwa ametangulia kwa siku mbili. Na ndama wa binti huyo yupo, ananyonya kwa mwingine. Kwa nani? Kwa yule mwekundu aliyetoka Bangale na mahari. Na huyo mwekundu ana dada, na dada yake hayupo, na fahali mweusi waliyezaliwa naye msimu mmoja hayupo. Maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani. Nilijua kwamba tangu maji yaondoke hakuna mtu wa pale aliyekaa akawataja.

Dhadho alinitazama mara moja. Nikafungua kalamu na daftari tupu nililokuja nalo, nikaandika: jina au rangi, mama yake nani, alipotoka. Kila aliposema "hayupo" niliweka nukta ndogo pembeni. Nilikuwa nimejaza nusu ukurasa Wako alipoiona kalamu. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwa Kiswahili, ili asinipe nafasi ya kutoelewa:

"Karani, wewe andika. Jina, andika. Hesabu hapana."

"Hesabu hapana, mzee," nikamjibu.

Ilichukua siku mbili. Alirudi nyuma hadi kwa bibi za bibi zao, akataja walioibiwa, waliouzwa, waliotolewa kwa mahari. Hao sikuwaandika. Wa kundi la mwaka huo niliwaandika wote, sikuweka namba mbele ya jina hata moja, wala sikujumlisha chini ya ukurasa. Idadi siiandiki hapa pia. Hata kurasa nisizitaje.

Siku ya pili mchana alimaliza, akaomba maji, akasema amechoka. Dhadho alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Nilidhani amelala, lakini macho yalikuwa wazi.

Katika safu ya saba, mstari kwa mstari, Dhadho aliandika mwenyewe: tazama daftari la pili. Mkubwa wa wilaya alitia sahihi bila kuuliza. Mwezi Mei akaitwa kwenye mahojiano huko bara. Barabara ilikuwa inapitika kwa shida, na safari ilimchukua siku tatu. Yaliyotokea huko nayaeleza kama alivyonieleza, na Dhadho si mtu wa kuongeza chumvi.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza aliliona daftari la pili akacheka, akauliza kama hicho ni kitabu cha vizazi vya manabii. Wa pili akataka jibu moja tu, wanyama wangapi na wafu wangapi, kwani bila hiyo hakuna asilimia, na bila asilimia hakuna ripoti. Dhadho akasema kila jina ni mnyama, na kila nukta ni aliyekufa, wahesabu wao. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani, akachukua penseli akaanza kugusa majina kwa ncha yake. Alipotea kwenye ukurasa wa pili, akaanza tena. Dhadho alitazama dirishani muda wote ule.

Yule mama alipofika mwisho aliandika namba mbili kwenye karatasi yake, akaifunika kwa mkono.

"Wewe mwenyewe hujui ni wangapi?" akauliza.

"Nawajua wote," Dhadho akasema. "Wangapi, sijui."

Walimwambia aende, watamwandikia.

Juni ikapita, Julai ikapita. Soko la mifugo lililokuwa limefungwa kwa sababu ya homa lilifunguliwa, lakini waliokuwa na cha kuuza walikuwa wachache. Dhadho aliendelea na kazi. Alikuwa amekonda, na jioni nilimkuta mara nyingi kwenye benchi ameshika kofia mkononi bila kuelekea popote. Iha aliacha kumwita mwanafunzi mzee. Nadhani aliona haina tena utani ndani yake.

Barua ilikuja tarehe 19 Agosti, siku ya Jumatano. Niliifungua mimi, kwa sababu yeye aliniambia niifungue. Alikuwa amekubaliwa, diploma, miaka mitatu. Chini kulikuwa na mstari ulioandikwa kwa mkono: daftari la pili alitunze, aje nalo, litatumika darasani.

Aliketi, akaomba maji. Akanywa kikombe chote.

"Nikitoka huko nitakuwa na miaka thelathini na minane," akasema.

"Utakuwa nayo hata ukibaki," nikamwambia.

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mafuriko. Kisha akasema daftari si lake kulipeleka darasani. Akaniomba nimnakilie kurasa tatu tu, na hizo nizibadilishe majina. Asili ikae kabatini. Nilifanya hivyo kwa jioni nne. Bahasha ya kaki akaishusha kutoka juu ya kabati mwenyewe, akaipangusa kwa kiwiko, akaondoka na basi la Jumatatu. Mkewe na watoto walibaki kwa Wako. Nafasi yake ofisini haikujazwa, na barua za kuita watu wa Hola nikaendelea kuziandika, sasa bila mtu wa kuniambia mnyama ana nini.

Katikati ya Novemba, saa nne asubuhi, mzee Wako alikuja ofisini kwa mguu. Sikuwahi kumwona mjini isipokuwa siku za soko. Alikaa kwenye benchi ya Dhadho, akaweka fimbo magotini, akapumua kwa muda. Nilimsomea barua ya Dhadho, iliyosema kwamba anakaa na vijana wa miaka ishirini, kwamba baridi inamuumiza magoti, na kwamba katika mtihani wa kwanza amekuwa wa sita. Wako alisikiliza akasema vyema.

Hakuondoka. Aliliangalia kabati.

"Lile daftari lipo?"

Nikalitoa. Akaniambia nitafute yule mwekundu wa Bangale. Nilimpata. Akasema ameanguka korongoni wiki iliyopita, mguu, wamemchinja. Nikaweka nukta. Akajifuta uso kwa ncha ya kikoi. Halafu akasema yule ndama wa mwenye sikio lililochanika, yule aliyenyonyeshwa na mwekundu, amekuwa mtamba sasa, lakini jina hana, kwa maana jina alipaswa kupewa na Dhadho.

"Acha nafasi," akasema. "Mwandikie aulizwe."

Niliacha mstari mmoja mtupu, nikaandika tarehe pembeni. Mzee alikitazama kidole changu kilichokuwa kimeelekezwa kwenye majina, mpaka nikakiondoa.